Baba alimwambia DC wa Eldoret hana ng'ombe hata mmoja, na visa ya ndugu yangu ikabaki inaning'inia

Wakuu, nawasalimia kutoka Eldoret.

Mimi ni mzee, miaka themanini niliipita kitambo. Naandika kwa simu yangu mwenyewe na kidole kimoja, kwa hivyo mkiona makosa vumilieni ama piteni. Lakini uongo hamtaupata hapa. Wengi wa watu nitakaowataja wameshazikwa na sina wa kumpendeza.

Nimekuwa nikisoma hizi nyuzi zenu za visa. Huyu amenyimwa analia. Yule anaazima bank statement ya mjomba. Mwingine anauliza eti embassy hasa inataka nini.

Wiki jana mimi pia niliulizwa swali, ni la visa ya mjukuu wangu. Jibu lililotoka kwa mdomo wangu lilinishtua mpaka leo usingizi hauji vizuri. Nitawaambia nilisema nini. Lakini lazima kwanza mrudi nyuma na mimi, la sivyo mtaniona mzee mjinga tu.

Mwaka wa 1947, nikiwa na miaka kumi, nilitolewa shule.

Nilikuwa darasa la pili. Baba alikuja mpaka mlango wa darasa, akaongea na mwalimu kidogo, akaniita kwa kidole. Ng'ombe walikuwa wamekosa mchungaji.

Ndugu yangu Kiprono, ambaye ananifuata, alikuwa mdogo sana wa kuchunga. Kwa hivyo yeye akaachwa, na baadaye akaingizwa shule. Hiyo ndiyo tofauti yetu yote, wakuu. Si akili. Ni nani alikuwa mrefu wa kutosha kuzuia fahali.

Tuliishi kwa shamba la mzungu upande wa Kaptagat. Siku hizi mkisikia Kaptagat mnafikiria wakimbiaji na medali. Wakati wetu ukiona mtu mweusi anakimbia huko, jua kuna mtu nyuma anamfukuza.

Mwenye shamba alikuwa kaburu. Jina lake siliweki hapa, sisi tulimwita Bwana Makelele na kazi yake ilikuwa hiyo. Tulikuwa maskwota wake. Unamfanyia kazi, yeye anakuachia kipande cha kulima na ruhusa ya kufuga ng'ombe wachache. Wachache kabisa. Wakizidi, anaondoa wao na wewe.

Sasa someni hapa polepole.

Kwetu Wakeiyo mtu hahesabu ng'ombe wake. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa majina. Akiangalia boma jioni anajua nani hayupo. Lakini idadi haitoki kwa mdomo, maana ukiwahesabu ni kama unawaitia kifo.

Na mtu mwenye akili hakuwa anaweka ng'ombe wote mahali pamoja. Anampelekea rafiki huyu wachache, na yule wachache, wengine huko bondeni kwa rizavu, ardhi tuliyoachiwa sisi weusi. Rafiki anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia boma moja, hujamalizwa.

Juu ya hiyo ongeza uoga. Baba akiwa kijana aliona wazungu wakiondoa ng'ombe za maskwota kwa nguvu. Wazee waliita jambo hilo kifagio. Kwa babu yangu ilianza na swali la upole tu: una ng'ombe wangapi? Babu akasema ukweli. Jua likizama boma lilikuwa tupu, na yeye amekaa kwa mlango na fimbo haina kazi.

Baba akajifunza kitu kimoja maisha yake yote. Mzungu akikuuliza ng'ombe, huna.

Tuende 1957.

Kiprono amemaliza shule, anafundisha kwa misheni. Kulikuwa na mama mmoja mzungu wa hapo misheni alimpenda kwa sababu ya hesabu. Akamwandikia chuo kikuu Amerika. Wakamkubali. Chuo kitabeba sehemu ya karo, nauli na hiyo nyingine itoke nyumbani.

Habari ilivyofika, mama alikaa chini katikati ya kukamua, kibuyu kikamwagika. Hakuna mtu wa kwetu alikuwa amefika hata Mombasa.

Siku hizo hakuna agent, hakuna online. Kabla ya visa upate passport. Kabla ya passport, DC aseme wewe ni mtu safi na kwenu kuna mali ya kukutunza, usiende kuwa ombaomba kwa nchi ya watu. Na mwenye mali aende mwenyewe, asimame mbele ya DC, aseme ana nini.

Ni hiyo hiyo bank statement yenu. Tofauti ni kwamba yetu ilikuwa na miguu minne.

Kiprono alimweleza baba habari ya Amerika yote. Meli, baridi, masomo, miaka atakayokaa. Kitu kimoja hakumweleza: kwamba ataulizwa mali. Kwake ilikuwa jambo wazi. Ameenda shule mpaka amesahau nyumbani watu wanafikiria namna gani.

Asubuhi hiyo baba alivaa koti lake la jeshi, akatema mate ya baraka kwa kifua cha Kiprono, tukaenda watatu. Sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori ya mahindi. Wazee waliita Eldoret Siksti Foo, yaani 64, namba ya kiwanja mji ulipoanzia, na baba alikuwa anaiogopa kidogo, lakini siku hiyo alitembea kama yeye ndiye anasafiri.

DC alikuwa mzungu mwembamba, si mtu mbaya. Alimpa baba kiti. Hiyo peke yake ilitushtua, maana kwa Bwana Makelele baba alikuwa anasimama mpaka miguu inavimba.

Karani alikuwa Mluhya, Zakayo, Mkristo mwenye tai. Lakini DC hakumtumia. Alitaka kuongea Kiswahili mwenyewe, kile cha wazungu.

"Mzee, wewe iko na ngombe ngapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Niliona uso wa baba ukifungika. Nilijua ule uso, ndio alikuwa anaweka Bwana Makelele akipita bomani.

"Hapana iko," baba akasema.

DC akarudia, labda hajasikika. Baba akarudia pia. "Hata moja hapana iko. Mimi maskini."

Wakuu, sikieni. Huyu ni mtu anayejulikana kutoka Kaptagat mpaka chini bondeni. Watu wakitaka mahari ya kuanzia wanakuja kwake. Na amekaa kwa kiti cha serikali, na kofia mikononi, anasema hana hata ndama.

Zakayo alimwangalia baba, akaniangalia mimi. Alitaka kusema kitu akaogopa.

DC akauliza, sasa kijana atakula nini huko Amerika? Baba akasema Mungu iko.

DC akafunga faili. Hakukasirika. Alimwambia Kiprono kwa Kizungu maneno machache, na Kiprono akaitikia yes sir, yes sir, mpaka nje.

Sasa shock ya pili ilikuja barabarani.

Baba alikuwa anafurahi.

Alikuwa anatembea mbele anachekacheka. Akasema mzungu alitaka kumnasa na kiti, eti akikaa vizuri atalegea aseme. Akasema yeye si mtoto. Alifikiri ameokoa mali ya nyumba yote, na Kiprono ataenda vilevile kwa sababu amekubaliwa na chuo.

Kiprono alisimama katikati ya barabara. Hakuinua sauti. Ndugu yangu hakuwa mtu wa sauti.

"Baba, leo umenizika na mimi nakuangalia."

Baba akageukia mimi, anauliza huyu ana nini. Ikabidi mimi wa darasa la pili nimweleze. Nikamwambia huyu mzungu hakutaka ng'ombe wako. Alitaka uwe nao. Ungesema unao, Kiprono angeenda. Umesema huna, basi haendi.

 Baba alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Kurudi nyumbani, juu ya lori alikaa mbali na sisi, kwa magunia ya mwisho.

Siku chache baadaye Zakayo alituma neno kwa Kiprono. DC hajaandika hapana. Lakini mzee amesema mbele yake hana kitu, kwa hivyo maneno hayatoshi tena. Kama ng'ombe wapo, waletwe uwanja wa mnada nje ya mji, serikali iwaone kwa macho. Na ifanywe haraka, kabla DC hajaenda likizo Ulaya. Atakayeshika nafasi yake ni mtu wa kukatalia watu tu.

Mnaona shida iko wapi?

Ng'ombe kupita kwa mashamba ya wazungu lazima ruhusa iandikwe, na ruhusa inapitia kwa mwenye shamba. Bwana Makelele atajua. Akijua baba ana ng'ombe wengi kuliko mkataba, tunaondoka kwa lile shamba, baba, mama, watoto, na makaburi tunayaacha.

Kiprono akasema basi, yaishe, atabaki afundishe. Alisema vizuri. Lakini niliona alivyosema, amegeukia ukuta.

Asubuhi yake baba alinifuata nikiwafungulia ng'ombe. Akaegemea mti wa lango. Akaniambia kitu ambacho sijawahi kusikia mzee wa kwetu akimwambia kijana wake.

"Wewe ndiye uliwachunga. Mimi nikifa ni wako. Ukisema wasitoke, hawatoki, na Kiprono sitamwambia ni wewe."

Wakuu, sitajifanya malaika. Niliwaangalia wale ng'ombe. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, sijaoa, sina kitu kingine duniani. Kila mmoja wao nilimjua alizaliwa mvua ya namna gani.

Halafu nikakumbuka ule mlango wa darasa.

Nikamwambia, "Hawa ng'ombe walikula shule yangu, baba. Wacha waitapike kwa Kiprono."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akaenda kuchukua fimbo.

Kukusanya ilikuwa kazi nyingine. Mimi nilitumwa kwa marafiki wa baba. Nilishuka bondeni kwa mzee mmoja, nikamsalimia, nikasema nimetumwa ng'ombe wa baba. Akaniangalia machoni akasema hamjui baba yangu, hajawahi kumsikia, na hapo kwake hakuna ng'ombe wa mtu.

Nyuma yake amesimama ng'ombe wetu wa madoa, ananiangalia kama shangazi.

Nilitaka kupigana. Kumbe hakuwa ananiibia. Alikuwa anamlinda baba, vile walikubaliana miaka yote: akija mtu yeyote kuuliza, hata mtoto wangu, hakuna. Ikabidi baba ashuke mwenyewe. Walipoonana walicheka mpaka wakakohoa. Halafu yule mzee akasikia sababu, akaacha kucheka, akamfungua yule wa madoa, na akaongeza ndama wake mwenyewe. Akasema huyo aende akaone DC.

Siku ya kuwapeleka, ruhusa ikiwa imeshaandikwa, kila njia ilitoa ng'ombe. Huyu analeta kutoka huku, yule kutoka kule. Nilichunga miaka kumi nikidhani najua mali ya baba. Sikujua hata nusu. Mama mwenyewe alifunika mdomo na kitambaa. Kwa uwanja wa mnada vumbi liliinuka mpaka Wahindi wa maduka wakatoka nje kuangalia.

DC alikuja na farasi, na mzungu wa mifugo, na Zakayo nyuma na tai yake. Akasimama. 

Akamuuliza baba, sasa iko ngapi?

Mimi nilikuwa karibu. Baba alifungua mdomo. Nilimwona anajaribu, wakuu, naapa. Anajaribu kwa ajili ya Kiprono. Jasho limetoka kwa paji. Na idadi haikutoka.

"Hesabu wewe," akasema.

Wakaanza kuhesabu. Na baba akageuka, akawapa ng'ombe mgongo, akaangalia upande wa mto Sosiani. Mikono nyuma. Midomo ilikuwa inacheza. Nikasogea nikasikia anawataja, jina kwa jina, polepole, kama mtu anaaga.

Sijawahi kumsahau vile alisimama.

DC alimwita Kiprono akampa mkono. Akamwuliza baba kwa nini alidanganya ofisini. Zakayo akajibu kabla ya baba, akasema, "Bwana, mzee hakudanganya wewe. Alikuwa anamjibu yule wa zamani." Sijui DC alielewa nini, lakini hakuuliza tena.

Passport ikatoka. Visa Kiprono alifuata Nairobi, akapewa. Ng'ombe wengine waliuzwa hapo hapo mnadani kwa ajili ya nauli. Akapanda treni hapa Eldoret na sanduku la mbao, mama anakimbia kando ya behewa mpaka njia ikaisha.

Na Bwana Makelele?

Hii ndiyo shock ya mwisho. Hakupiga kelele. Alikuja bomani jioni moja, akaangalia huku na huku, akamwambia baba kwa sauti ya chini kwamba walikaa pamoja miaka mingi na hakujua anaishi na tajiri. Akatupa mpaka mwisho wa mwezi. Hakurudi kutuaga. Ningependelea angepiga kelele.

Tukashuka rizavu. Ng'ombe waliozoea baridi ya juu walipata kupe wa chini wakaanza kufa. Wale tuliowarudisha kwa marafiki ndio walibaki, nao wachache. Baba hakulalamika siku moja. Alikufa kabla Kiprono hajarudi. Mara ya mwisho tukiongea aliniuliza kama yule mtoto anakula huko. Ng'ombe hakuuliza.

Kiprono alirudi nchi ikiwa yetu, engineer wa barabara. Naye sasa tumemzika.

Mimi nilienda kupakia mbao Timboroa. Nikawa turnboy, utingo wa lori, nikawa dereva, nikanunua lori mbovu nikaitengeneza. Wazungu walipokuwa wanauza mashamba wanaenda, nilichukua mkopo nikanunua kipande pale Kaptagat. Ndio, pale. Lile lango la boma nililiweka mahali palepale. Sikupewa na mtu, hata na Kiprono.

Sasa turudi wiki jana.

Mjukuu wangu Chebet amekubaliwa chuo Canada. Mimi ndiye sponsor. Tumekaa kwa ofisi ya agent hapa mjini, mtaa wa Kapsoya, kijana mstaarabu na laptop yake, ameniletea chai. Akaniuliza kwa heshima, "Mzee, wewe uko na mali gani?"

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Sina kitu. Ni kibanda tu ya kulala."

Hakuna mzungu hapo. Hakuna Bwana Makelele. Sikufikiria hata kidogo, ilitoka yenyewe, kama kupiga chafya. Kijana akaacha kuandika. Na Chebet akaniangalia. Wakuu, aliniangalia na macho ya Kiprono pale barabarani. Akasema tu, "Kugo?" Hiyo ni babu kwa lugha yetu. Nikachukua kofia yangu nikatoka, nikaivaa, nikaivua, nikaivaa.

Tumesema na agent tutarudi Jumatatu.

Kwa hivyo fundisho langu ni hili. Wewe kijana unayeomba visa, usichukulie wazee wako wanajua embassy inataka nini. Kaa nao chini, waeleze swali lenyewe kabla hawajaulizwa na mtu wa ofisi. Na nyinyi wazee wenzangu mnaoficha, najua mnaficha kwa sababu gani. Lakini mtoto akisimama mlangoni, mfungulie aone kilicho ndani.

Kama kuna mtu hapa nyumbani kwao walimwangusha visa kwa kukataa kusema walicho nacho, aandike chini, tusikie. Na mwenye kuijua Canada amwambie Chebet ukweli kuhusu baridi. Matusi pia nitasoma, sina haraka.

Na ndio Jumatatu mdomo wangu usinisaliti tena, naweka hapa mbele ya watu wote. Chebet, soma, umpelekee agent.

Shamba Kaptagat, title iko kwa jina langu.

Nyumba za kupangisha Kapsoya, hakuna iliyo wazi.

Yadi ya mbao Timboroa.

Lori mbili, moja imezeeka lakini inapanda mlima.

Pesa benki, kiasi watachapisha wenyewe.

Ng'ombe wapo. Agent akitaka idadi, aje Kaptagat ahesabu mwenyewe. Mimi nitageuka niangalie upande mwingine.